Picha za ukoo zahama kutoka juu ya televisheni na kuingia ndani yake

Katika nyumba nyingi za humu nchini miaka ya themanini na tisini, televisheni haikuwa chombo cha kutazamwa tu. Ilikuwa pia rafu. Juu ya kile kisanduku kizito kulitandikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, na juu ya kitambaa hicho zikapangwa picha zilizotiwa kwenye fremu: baba akiwa amevalia joho siku ya kufuzu, mama na baba wakikata keki ya arusi, kitinda mimba akiwa ameketishwa kwenye kiti cha studio huku machozi yakimlengalenga. Mgeni aliyekuja kutazama taarifa ya habari ya saa moja aliwatazama pia wenye nyumba, apende asipende.

Kisha zikaja runinga bapa. Hizi hazina mgongo wa kuwekea kitu. Hata kadi ya Krismasi haisimami juu yake. Fremu zikaondolewa, zikafungwa kwenye katoni na kusukumwa chini ya kitanda, na aghalabu hapo ndipo zilipo hadi leo. Wakati huo huo upigaji picha ukahamia kwenye simu za mkononi, na picha zikawa nyingi kupita kiasi. Mwanafunzi wa kidato cha pili leo huenda ana picha zake nyingi kuliko zile za babu yake, baba yake na ami zake wote zikiwekwa pamoja. Hata hivyo ukiingia sebuleni kwao hutaona hata moja.

Ajabu ni kwamba ile ile runinga iliyozifukuza picha za familia ndiyo inayoweza kuzirejesha. Maadamu inakaa ukutani saa nyingi ikiwa imezimwa, kama kipande cha kioo cheusi, hakuna linaloizuia kufanya kazi ya fremu: kuonyesha picha moja baada ya nyingine, polepole, bila sauti, familia ikila au ikizungumza. Wengi wanacho kifaa cha kufanyia hivyo tayari, nao hawajui.

Baadhi ya wasomaji watadhani hili ni jambo la juzi. Sivyo. Kamera inayotambuliwa kuwa ya kwanza ya dijitali ya kubebeka ilitengenezwa mwaka 1975 na mhandisi wa kampuni ya Kodak ya Marekani, Steven Sasson. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6, ikachukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kaseti, na picha yenyewe ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe yenye nukta 10,000 pekee. Kamera hiyo haikuwa na kioo cha kutazamia. Ili kuiona picha, Sasson na wenzake walilazimika kuitia kaseti kwenye mtambo uliounganishwa na televisheni. Kwa maneno mengine, picha ya dijitali ilianza maisha yake kwenye runinga kabla ya kuingia kwenye simu.

Kodak haikuliacha wazo hilo. Mwaka 1990 ilitangaza diski ilizoziita Photo CD, na kufikia 1992 zilikuwa sokoni. Mteja alipeleka filamu dukani kusafishwa, akarudishiwa diski iliyoweza kubeba takriban picha 100, kisha akaitazama nyumbani kupitia kwa mtambo maalumu uliounganishwa na televisheni. Lakini familia hazikuipenda. Mtambo ulikuwa ghali, na watu hawakuona haja ya kununua chombo kizima ili kutazama picha ambazo tayari walikuwa nazo kwenye albamu. Kodak yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2012.

Mambo yalibadilika pale runinga zenyewe zilipoanza kutengenezwa zikiwa na tundu la USB. Mwaka 2013 kampuni ya Google ilitoa Chromecast, kifaa kidogo cha kuchomekwa nyuma ya runinga, ambacho kisipokuwa na kazi huonyesha picha. Kifaa hicho kiliacha kutengenezwa mwaka 2024, ingawa vilivyomo majumbani bado vinafanya kazi. Mwaka 2017 kampuni ya Samsung ikaanza kuuza runinga iitwayo The Frame, iliyobuniwa makusudi ifanane na picha ya ukutani, yenye fremu pembeni na yote. Ni nzuri, lakini bei yake si ya kila mtu, na kwa shughuli tunayoizungumzia hapa si lazima.

Flashi yatosha

Njia rahisi kuliko zote ni flashi ile ile ambayo watoto huwekea filamu na nyimbo. Chunguza nyuma au ubavuni mwa runinga yako. Hata zile za bei nafuu zisizo na intaneti, ambazo familia nyingi zilinunua wakati matangazo ya analogia yalipozimwa mwaka 2015, aghalabu zina tundu la USB na sehemu ya kuchagulia picha, muziki au filamu. Baadhi ya ving'amuzi pia vinalo. Ukichomeka flashi, bonyeza kitufe cha Source au Input kwenye rimoti, chagua USB, kisha Photo. Ukifungua picha ya kwanza, tafuta maneno Slideshow na Interval. La pili ndilo la kukuwezesha kuamua kila picha ikae muda gani. Sekunde tatu ni chache mno. Zinamchosha mtazamaji kama anayekimbizwa. Sekunde 20 au 30 ni afadhali.

Wenye runinga zilizounganishwa na intaneti wanaweza kutumia picha zilizohifadhiwa mtandaoni, mathalani kwenye Google Photos, na kuzifanya zijitokeze wakati runinga haitazamwi. Hii inapendeza kwa sababu shangazi aliye Dubai au binamu aliye Minnesota anaweza kuongeza picha kwenye albamu ya pamoja asubuhi na jioni ikaonekana Donholm. Lakini picha hizo husafiri kwa data. Aliye na waifai ya kulipia kwa mwezi hatahisi chochote. Anayenunua bando za siku kwa simu atashangaa bando imekwenda wapi. Huyo namshauri abaki na flashi.

Kuna vikwazo vidogo vidogo vinavyowakatisha watu tamaa siku ya kwanza, nami nitavitaja kwa sababu kila kimoja kina dawa yake.

Cha kwanza ni flashi isiyosomeka. Runinga nyingi husoma flashi iliyopangwa kwa mtindo wa FAT32. Ikiwa yako ni ya NTFS au exFAT na runinga yakataa, ipange upya kwenye kompyuta, ila uondoe kwanza kila kilichomo maana kitafutika. Cha pili ni picha za iPhone. Tangu mwaka 2017 simu hizo huhifadhi picha kwa mtindo wa HEIC, ambao runinga nyingi hazijui kuufungua, zinataka JPEG. Kwenye mipangilio ya kamera ya simu, sehemu ya Formats, ukichagua Most Compatible picha mpya zitatoka kwa JPEG. Cha tatu ni picha zinazolala ubavu. Simu huandika ndani ya picha maelezo ya upande wa juu ni upi, na baadhi ya runinga hazisomi maelezo hayo. Ifungue picha hiyo kwenye simu, ikate ukingo kidogo, kisha uihifadhi upya. Mara nyingi itasimama.

Cha nne kinawakera wengi zaidi: picha zilizotumwa kwa WhatsApp. Kwenye simu zinaonekana safi, kumbe zimebanwa ili zisafiri haraka, na zikitandazwa kwenye kioo cha inchi 50 nyuso huwa kama zimepakwa uji. Tangu Agosti 2023 mtandao huo unamruhusu mtumaji kuchagua HD kabla ya kutuma, lakini njia ya hakika ni kuituma picha kama faili la hati, kwani hapo haibanwi.

Kuhusu ukubwa usitishike. Runinga ya kawaida ya Full HD ina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani takriban milioni 2. Zile za 4K zina karibu milioni 8.3. Simu nyingi za leo hupiga picha za nukta milioni 12 au zaidi. Tatizo halisi ni umbo. Kioo cha runinga ni kipana, nasi tumezoea kupiga picha simu ikiwa imesimama. Picha ndefu na nyembamba iliyojaza kioo cha simu, ikiwekwa kwenye runinga, inachukua chini ya theluthi moja ya kioo na kwingine kote ni giza. Ukijua kwamba picha unayopiga itaishia sebuleni, ilaze simu.

Katoni iliyo chini ya kitanda

Picha za simu zinaweza kusubiri. Zilizo kwenye karatasi haziwezi. Rangi za picha zilizosafishwa miaka ya sabini na themanini zinaendelea kupauka hata zikiwa zimefungiwa gizani, na unyevu wa nyumba zetu hauzisaidii. Mafuriko ya Machi hadi Mei 2024, yaliyoua watu zaidi ya 200 humu nchini, yaliingia katika nyumba nyingi Nairobi na kwingineko. Godoro na meza vilinunuliwa upya, angalau na waliojaliwa. Picha ya pekee ya mama aliyefariki hainunuliki.

Huhitaji mtambo ghali ili kuihamisha picha ya karatasi. Iweke juu ya meza karibu na dirisha, mbali na jua la moja kwa moja, zima taa ya kamera, shikilia simu sambamba na meza kisha upige. Kuna programu za bure zinazopiga picha hiyo mara kadhaa na kuondoa mng'ao. Anayetaka ubora zaidi na aipeleke kwenye mtambo wa skana. Wengi wa wanaotoa nakala na kuchapisha mitaani wanayo. Mwambie mhudumu akuwekee kiwango cha 600. Kwa picha ya inchi 4 kwa 6, hicho kinakupa nukta 2,400 kwa 3,600, zinazotosha hata runinga ya 4K.

Tahadhari moja inafaa hapa. Zile albamu zilizokuwa maarufu, zenye kurasa za gundi na karatasi ya plastiki juu, gundi yake hushika picha kadiri miaka inavyopita. Usiivute kwa nguvu. Pitisha uzi mwembamba wa kusafishia meno nyuma ya picha, taratibu, kama anayekata mkate, na ikikataa iache hapo hapo uipige ikiwa kwenye ukurasa wake. Geuza pia kila picha inayobanduka utazame nyuma. Studio nyingi zilipiga mhuri, na wazee walikuwa na mazoea mazuri ya kuandika tarehe na mahali. Upige upande huo nao.

Utakapoziona picha hizo zikiwa kubwa, huenda ukagundua kwamba nyuso za watu wetu ni nyeusi kupita walivyokuwa, macho na meno tu ndiyo yanayoonekana. Usimlaumu mpiga picha wa Uhuru Park pekee. Kwa miaka mingi Kodak ilizitumia maabara za kusafishia picha kielelezo cha kupimia rangi, na kielelezo hicho kilikuwa picha ya mwanamke Mzungu. Kilijulikana kama kadi ya Shirley. Filamu na mitambo ikarekebishwa ili ngozi yake ipendeze. Ngozi nyeusi ikajitafutia yenyewe. Mtafiti wa Canada, Lorna Roth, aliyeichunguza historia hiyo, anaeleza kwamba miongoni mwa waliolalamika hadi kampuni ikaboresha filamu zake walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao, ambao bidhaa zao za rangi ya kahawia hazikutofautishika kwenye matangazo. Yaani kilio cha meza kilisikika kabla ya chetu.

Bahati nzuri sehemu ya kile kilichofichwa bado imo. Kwenye simu, fungua sehemu ya kurekebisha picha uongeze kile kinachoitwa Shadows, na mara nyingine uso wa mtu utajitokeza pale palipokuwa na giza. Na kwenye runinga yenyewe, uondoe mtindo wa Vivid ambao madukani hutumiwa kuwavutia wanunuzi. Chagua Standard au Movie. Nyuso zitaacha kuwa na rangi ya chungwa.

Anayewajua ni nani?

Desemba iliyopita nilikuwa kijijini kwetu Taita. Binamu yangu alikuwa amekuja na runinga ya inchi 43 kutoka Mombasa, na mpwa wangu wa kidato cha tatu alikuwa ameshinda siku mbili akizipiga kwa simu picha zote za sanduku la babu. Usiku alichomeka flashi. Nyanya, dadake babu, alikuwa ameketi nasi. Ana miaka 88 na macho yake yana ukungu. Albamu alikwisha kuacha kuzishika kwa sababu, alivyozoea kusema, haoni watu bali anaona karatasi.

Picha ndogo ambayo mkononi haizidi kiganja ilijaza kioo chenye upana wa karibu sentimita 95. Ilikuwa ya watu wanane waliosimama karibu na stesheni ya Voi. Sisi tuliwajua watatu. Nyanya aliinuka, akakisogelea kioo na kuanza kuwagusa kwa kidole mmoja mmoja akiwataja majina. Alipofika kwa mvulana aliye ukingoni, ambaye miaka yote tulidhani ni mtoto wa jirani, alinyamaza kidogo, kisha akamtaja. Alikuwa nduguye, kitinda mimba wao, aliyeteremka Mombasa kutafuta kazi bandarini na asirudi. Baba yangu, ambaye ana miaka 64, hakuwa amewahi kusikia kwamba alikuwa na baba mdogo huyo. Jina lake halimo kwenye karatasi yoyote tuliyo nayo. Limo tu katika sauti ya dakika 11 ambayo mpwa wangu alikuwa na akili ya kuirekodi kwa simu.

Kila ukoo una mtu wa namna hiyo, mmoja au wawili, ambao ndio pekee wanaoweza kusema aliye kushoto ni nani. Wakiondoka, picha inabaki lakini watu waliomo wanakuwa wageni. Kwa hivyo usingoje hadi utengeneze onyesho zuri. Ziweke zilivyo, hata zilizopinda, mketishe mzee mbele ya runinga, simu ikiwa karibu inarekodi, na uongeze muda hadi picha ibadilishwe kwa rimoti tu. Majina utakayoyapata uyatie kwenye jina la faili lenyewe. Hiyo ina faida nyingine pia, kwani runinga nyingi hupanga picha kwa kufuata majina ya mafaili. Ukianza kila jina kwa nambari, 001, 002 na kuendelea, picha zitafuatana utakavyo.

Wako wanaouliza kama picha hizi huwasaidia wazee waliopoteza kumbukumbu. Katika nchi kadhaa watunzaji hutumia picha za zamani kuwachangamsha wagonjwa hao, na tafiti zilizofanywa zimeonyesha manufaa madogo na yasiyo sawa kwa kila mmoja. Si tiba. Kinachomchangamsha mzee, kwa maoni yangu, ni yule mjukuu anayeketi naye na kumuuliza. Runinga iliyowashwa mbele ya mzee aliyeachwa peke yake ni runinga tu.

Si kila picha ni ya sebuleni

Hapa ndipo ningetaka wenye nyumba wawe makini. Simu zetu ni makabati. Humo mna picha za vitambulisho, vyeti vya shule, ujumbe wa M-Pesa, dawa ulizoandikiwa hospitalini, upele uliompigia daktari picha. Ukiiambia runinga ionyeshe kila kilichomo kwenye simu, itatii, na itafanya hivyo wakati wakwe wameketi. Usiunganishe hifadhi yote. Tengeneza albamu moja ya runinga, na kila kitakachoingia humo kiwe kimechaguliwa na mtu. Picha 60 nzuri zinatosha; elfu mbili ni kelele.

Kisha kuna adabu. Katika familia nyingi za Waislamu wa Pwani, picha za bibi arusi na wenzake wakiwa wamefunua nywele ukumbini mwa akina mama ni za macho ya wanawake na mahramu. Hizo ziwe kwenye flashi yake, nayo ikae na mwenyewe. Nyumba nyingine hawapendi kabisa picha za viumbe ukutani, na hapo runinga ina nafuu ambayo fremu haina: huonyesha unapotaka kisha hunyamaza. Vijana nao wana haki zao. Mvulana wa miaka 15 asingependa wanafunzi wenzake waliokuja kudurusu wamwone akiogeshwa kwenye beseni. Muulize kabla.

Gumu zaidi ni la marehemu. Kuna wajane wanaofarijika kumwona mume akipita kila jioni, na kuna wale ambao kila anapopita chakula huwakwama kooni. Watoto wa nyumba moja wanaweza kutofautiana. Sijui kanuni inayofaa wote, wala sidhani iko. Ninachojua ni kwamba anayeshika rimoti asiamue peke yake.

Umeme na kioo

Swali la baba mwenye nyumba huwa ni tokeni. Tazama kibandiko kilicho nyuma ya runinga. Kikisema wati 60, nawe ukaiwasha ionyeshe picha saa nne kila siku, kwa siku 30 utatumia uniti 7.2. Ikiwa kila uniti yakugharimu shilingi 25, hizo ni shilingi 180 kwa mwezi. Si nyingi, lakini pia si bure, na hakuna sababu ya runinga kuwaonyesha viti vitupu. Weka Sleep Timer izime yenyewe. Punguza pia mwanga kwenye sehemu ya Backlight. Fremu haihitaji kung'aa kama uwanja wa mpira, na matumizi ya umeme hushuka.

Je, kioo kitaharibika? Inategemea aina. Runinga za kawaida za LED hazina tatizo kubwa. Zile za OLED, ambazo kila nukta hujiangazia yenyewe, huchakaa mahali penye mwanga mwingi usiosogea, na alama ikabaki hapo daima. Plasma za zamani zilikuwa na ugonjwa huo huo. Picha zinazobadilika kila nusu dakika hazidhuru sana. Kinachodhuru ni saa au nembo iliyoganda pembeni kwa miezi, kwa hivyo izime, na usiache picha moja tu usiku kucha.

Flashi nayo si sanduku la kuhifadhia. Hupotea, hufuliwa ndani ya suruali, hufa ghafla bila kuugua. Picha za ukoo ziwe na nakala tatu: moja kwenye kompyuta au diski ya nje, moja kwa ndugu anayeishi mji mwingine, na moja mtandaoni. Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo, ambazo zinagawanywa na barua pepe. Uhifadhi usio na kikomo iliouruhusu tangu 2015 ulikomeshwa Juni 1, 2021, na wapo ambao hadi leo wanadhani picha zao zinaendelea kuingia humo, kumbe nafasi ilikwisha zamani.

Kwa walio na arusi, ruracio au matanga siku za karibuni, ambapo siku hizi ni desturi kuwa na kioo kikubwa cha kuonyeshea picha, neno ni hili. Flashi ijaribiwe siku moja kabla, kwenye kioo kile kile kitakachotumika na si cha nyumbani, mtu akitazama picha zote kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Kazi hiyo apewe mtu mmoja anayejulikana, awe na flashi ya pili mfukoni, na awe anazijua pande zote mbili za familia kiasi cha kutambua ni nani ambaye hajaonekana.